Tanzia ya Fundi Mcheshi

Lugha yetu ina maneno mengi ya kumsifu marehemu, lakini yanapungua sana marehemu huyo anapokuwa mtu aliyependa kucheka. Chukua tanzia kumi magazetini, au sikiliza wasifu unaosomwa misibani, utakuta marehemu wote ni wale wale: mcha Mungu, mpole, mkarimu, mpenda watu, mshauri wa wengi. Mara mojamoja hupenyezwa neno "mcheshi", likabanwa baina ya "mkarimu" na "mchapakazi" kama abiria wa mwisho ndani ya daladala, kisha msomaji akapita bila kulieleza. Mimi nimeishi na mcheshi kwa karibu miaka arobaini hapa Kirongwe. Alipofariki, jamaa waliniomba nimtungie tanzia ya kusomwa siku ya arobaini, maana mwalimu wa Kiswahili, hata akistaafu, hastaafishwi na ndugu zake. Nikaketi na kalamu, nikaona kwamba maneno niliyokuwa nikiwafundisha wengine kwa wingi hayakunitosha mimi.

Kwanza niliyapanga kama nilivyokuwa nikiwafanyisha wanafunzi. Mcheshi ni mwenye tabia ya kuchangamka na kuchangamsha wengine. Ni sifa ya moyo. Mchekeshaji ni mwenye kazi hiyo, na siku hizi neno limewaendea wasanii wa jukwaani na wa runingani, hata ukimwita mtu hivyo ni kama umemwekea kiingilio mlangoni. Mtani ni habari nyingine kabisa. Utani hauwi wa mtu mmoja. Ni mkataba wa pande mbili wenye haki zake na mipaka yake, na usiye na mkataba naye ukimtania umemfanyia ufedhuli. Mzaha na masihara hubeba lawama ndani yake, kwani hakuna mzazi amwambiaye mwanawe "nenda kafanye masihara". Kejeli na dhihaka zina meno. Soga haina meno, lakini haina mwenyewe pia. Ni ya baraza zima. Mume wangu alikuwa na vyote hivyo isipokuwa yale yenye meno, na sikuona neno moja la kumkusanya.

Alikuwa fundi cherehani. Baraza yake ilikuwa mbele ya nyumba yetu, kando ya barabara itokayo Kilindoni kwenda kaskazini kuelekea Bweni, na kila aliyengoja gari alingojea hapo. Wenye magunia ya mbata waliyatua hapo. Wanafunzi walileta sare zilizochanika, wazee walileta kanzu, na wanawake walileta kanga za kukatwa na kupindwa. Kanga ndizo zilizompa riziki ya ulimi. Kabla ya kutia mkasi alikuwa akilisoma jina la kanga kwa sauti ya khatibu, kisha akamwuliza mwenyewe kwa upole mkubwa, "Na hili, dada, linakwenda nyumba ipi?" Wengine walicheka, wengine walijifunika uso. Kuna waliojifunza kuleta kanga zao zikiwa zimekunjwa, jina likiwa ndani, na hao ndio aliowasomea kwa sauti ya juu zaidi.

Nitasimulia kisa kimoja cha kanga, kwa kuwa kinamweleza kuliko sifa zangu. Majirani wawili walikuwa wamenuniana muda mrefu, na wote wawili walimletea doti zao wiki moja, kila mmoja amechagua jina la kumchoma mwenzake. Alizikata, akazipinda, akazikunja vizuri, na kila mmoja akampa kipande kimoja cha doti yake na kimoja cha doti ya jirani. Walipofika nyumbani wakazifunua, kila mmoja akajikuta amejifunga lile neno alilolengwa. Wakarudi barazani kwa hasira, wakakutana. Hapakuwa na njia ya kudai kipande chako ila kwa kusema na mwenzako aliyekishika. Yeye alikuwa amejifanya anatafuta sindano chini ya meza. Sitasema kwamba walipatana siku ile ile. Walichukua vipande vyao wakaenda zao. Lakini walikwenda pamoja, na njia ilikuwa moja.

Mimi nilitoka chuo cha ualimu nikiwa na imani kwamba sarufi hukaa darasani, naye aliyeacha masomo darasa la saba alinionyesha kwamba hukaa pia jikoni. Alipenda kualika wageni, hasa walimu wapya kutoka bara, na alikuwa akiwaambia hivi: "Karibuni mchana, leo jikoni kwetu mbuzi tangu asubuhi!" Wageni walikuja na matumaini ya nyama. Walikuta wali wa nazi na samaki, na mimi nikiinuka kwenye mbuzi, chicha ingali mikononi. Sasa angalieni ufundi wake, enyi wapenzi wa lugha. Mbuzi mnyama ni yuko. Mbuzi ya kukunia nazi ni iko. Angetamka kitenzi kimoja tu, upatanisho ungemtoboa, ama angekuwa mwongo ama angefichua siri. Kwa hiyo aliiacha sentensi bila kitenzi, na hapo hakuna mahakama ya kumshitaki kwa uongo. Nilitumia mfano huo kufundishia ngeli miaka mingi, nikisema nimeupata kwa "msemaji mmoja wa Mafia". Alipopata habari alidai posho.

Ucheshi wake ulikuwa na shule yake. Ujana wake ulikuwa wa redio, na katika redio ulikuwa wa Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam; alikuwa akisema kwamba kipindi kile kilimfundisha kunyamaza nukta moja kabla ya neno la mwisho. Baadaye akampenda Amri Athuman wa Tanga, yule ambaye nchi nzima ilimwita King Majuto. Majuto alipofariki mwezi Agosti mwaka 2018, mume wangu alikaa kimya asubuhi nzima, cherehani ikiwa imefunikwa. Jioni akaomba wajukuu wamtafutie vichekesho vya marehemu kwenye simu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sikujua lipi lilikuwa chozi la kicheko na lipi la msiba. Nilikumbuka jioni ile nilipokuwa na karatasi tupu mbele yangu.

Kwa wajukuu alikuwa na kazi mbili: vitendawili na utani. Katika vitendawili mnaijua sheria: aliyeshindwa hutoa mji, mtegaji akaupokea, akajisifu nao kidogo, ndipo akatoa jibu. Watoto wengi siku hizi huipita hatua ya kujisifu kwa haraka, wanataka jibu. Yeye hiyo ndiyo iliyokuwa kiini cha mchezo. Akipewa Tanga, alikwenda Tanga, akapita sokoni, akakuta bei ya machungwa imepanda kwa sababu yake, akarudi. Akipewa London, alilalamika kwamba ni baridi na kwamba Malkia amemletea gauni la kupunguza kiuno. Dar es Salaam aliikataa katakata. Alisema ameshapewa mara nyingi mno na kila akiipokea anakuta foleni. Watoto wakaanza kusoma ramani ili wampatie miji asiyowahi kupewa. Mjukuu mmoja alipata alama nzuri za jiografia, na mwalimu wake hakujua zimetoka kwenye baraza la fundi nguo.

Naye akishindwa, maana watoto hukua na vitendawili vyao hugeuka vigumu, alitoa mji bila choyo. Mji mmoja tu hakuutoa kamwe. Walimwomba mara nyingi, "Babu, tupe Kirongwe," naye aliwajibu kwamba Kirongwe hauna hati, hautolewi, na kwamba ukitolewa yeye atalala wapi.

Utani wa babu na mjukuu nao mnaujua. Mjukuu wetu mkubwa wa kike alikuwa "mke mdogo" tangu akiwa na miaka mitatu, nami nikawa "mke mkubwa". Alipokuwa mdogo alikuja na kimkoba chake kudai zamu. Alipofika sekondari alikuwa akiniandikia barua za mashitaka, akinituhumu kwamba namnyima bwana wetu sukari katika chai. Nami nilizisahihisha kwa kalamu nyekundu na kumrudishia. Wajukuu wa kiume walikuwa "waume wenza" wake, akiwatazama kwa wivu wa bandia kila niliponyanyua birika kuwamiminia chai.

Sasa nifike mahali ambapo tanzia hazifiki. Ucheshi wa namna hii una watu wanaoulipia. Wazee walikuwa wakimkanya kwa ile methali ya mzaha kutumbua usaha, naye akawajibu kwamba usaha ukitoka jipu limepona. Jibu zuri, nami nililicheka. Binti yetu mkubwa hakulicheka. Yeye alikuwa mtoto wa kuuliza maswali mazito, na kila alilouliza lilirudishwa likiwa limevikwa kofia ya mzaha. Alipotaka kujua kama babake ameridhika na mchumba aliyemletea, aliambiwa kwamba mchumba ana mabega ya kuokoa kitambaa. Alipofiwa na mtoto wake wa kwanza, babake alikaa naye siku tatu, akamtengenezea taa, akamnolea visu, akamchekesha kidogo siku ya tatu. Neno lenyewe la msiba halikutoka. "Mama," aliniambia binti yangu baadaye, "baba ananipenda, najua. Lakini sijawahi kumsikia akisema jambo bila kulipinda." Hilo ni neno la mtoto wa fundi. Pindo huficha uzi, na yeye alitaka kuuona uzi.

Kisha yakaja maradhi. Yalianza taratibu, na yeye aliyapokea kama anavyompokea mteja msumbufu. Daktari alipomtaka ataje maumivu yake kwa kuhesabu kutoka moja hadi kumi, alimjibu kwamba yeye hupima kwa inchi. Daktari akacheka, wauguzi wakacheka, na maumivu yakabaki bila namba. Binti yetu alikuja kutoka Dar es Salaam akamkalia mbele, akamwambia, "Baba, niambie kweli mara moja tu, unaumwaje?" Akamtazama, akafungua mdomo, nami niliona neno la mzaha likimfika ulimini. Hakulisema. Akanyamaza, akamshika mkono. Binti yangu aliniambia kwamba kimya kile kilimtisha kuliko jibu lolote.

Tulimvusha bahari kwa njia ya Nyamisati wakati wa kusi, bahari ikiwa imechafuka, naye amelala kwenye benchi akiwauliza mabaharia kama nauli ya kutapika ni mbali. Wodini alikaa siku kumi na moja. Siku mojawapo mjukuu wa miaka tisa aliruhusiwa kuingia, akasimama kitandani akatega: "Nyumba yangu haina mlango." Kitendawili hicho hata mtoto wa chekechea anakijua, na mtoto yule alifundishwa na babake mwenyewe wa kitandani pale. Akangoja. Babu yake akafumba macho muda kidogo, akasema, "Nimeshindwa." Mtoto akakasirika: "Babu, unajua, ni yai!" Akasema tena, "Nimeshindwa. Chukua Kirongwe, mume mwenzangu." Mtoto hakujisifu. Aliniangalia mimi. Sijui hadi leo kama akili ilikuwa imemchoka mgonjwa wangu, au kama huo ulikuwa wasia. Nimeligeuza jambo hilo kila upande, na nimeamua kuliacha na pande zake zote.

Nilipokosa maneno ya tanzia nilikwenda kwa waliotangulia, kama ilivyo desturi ya mtu aliyesomea kazi. Shaaban Robert alimwombolezea mkewe katika shairi lenye jina lake, Amina, nalo ni la mume kumlilia mke. Nilimtafuta mke anayemkumbuka mume, nikarudi kwa Mwana Kupona binti Msham. Utenzi wake wa mwaka 1858 tumezoea kuusoma kama orodha ya utumishi wa mke, na nakiri kwamba wasichana darasani walikuwa wakiuchukia kwa sababu hiyo. Watu husahau kwamba aliyeutunga alikuwa mjane, tena mgonjwa, miaka miwili baada ya kifo cha mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepigana na Seyyid Said. Mtawala na mpiganaji. Mtu angetarajia mjane ataje panga na ngome. Lakini anapofika kumweleza bintiye Mwana Hashima jinsi alivyoishi na babake, anachokitaja mwanzo ni kwamba ndoa yao ilikuwa ya furaha na ya kucheka, na kwamba heshima haikupungua kati yao. Basi kumbe kicheko kilikuwa na nafasi yake katika ukumbusho wetu tangu zamani, tena karibu na mlango. Sisi wa baadaye ndio tuliokipeleka nyuma ya nyumba.

Na misiba yenyewe inalijua hilo kuliko tanzia. Sehemu nyingi za nchi yetu watani huja matangani wakamwigiza marehemu, wakavaa kofia yake, wakadai madeni yasiyokuwapo, na wafiwa hucheka huku wanalia bila yeyote kuona haya. Kwangu mimi mtani alikuwa mmoja. Jioni ya siku ya pili, chumba kimejaa wanawake, mimi nimekaa kwenye mkeka nikiwa sijatoa chozi tangu Dar es Salaam, akaingia mjukuu wangu mkubwa, msichana wa chuo sasa, amejitanda kanga nyeupe. Akapita katikati ya watu, akaketi ubavuni mwangu, akasema kwa sauti ya kusikika: "Mke mwenzangu, nisogezee mkeka. Nimekuja tukae eda." Chumba kizima kikacheka. Bibi mmoja mzee alicheka hata akashika mbavu. Mimi nikalia, na nikiisha kuanza sikuweza kunyamaza mpaka adhana ya Isha. Yeye alinishika tu. Alirudi chuoni baada ya wiki moja, na kila Ijumaa ya ile miezi minne na siku kumi alinipigia simu kuuliza kama zamu yake inalindwa.

Usiku huo nilianza kutunga. Nilichagua tarbia ya mizani kumi na sita, kwa kuwa ndiyo aliyoweza kuighani hata akiwa anaendesha cherehani kwa miguu. Niliziacha sifa zote za orodha, nikaandika nilichokiona barazani. Ubeti wa kwanza ni huu:

Fundi amekunja futi, baraza limenyamaza,
Haisikiki sauti, kicheko kilichojaza,
Nguo zi juu ya kiti, pindo hajazimaliza,
Wajukuu wamwuliza, mji gani utatoa?

Beti zilikuwa tisa, na mstari wa mwisho ukawa kibwagizo. Siku ya arobaini mpwa wake aliusoma nje baada ya hitima, nami nilisikiliza dirishani kwa kuwa nilikuwa ndani ya eda. Ubeti wa nne nilikuwa nimemweka mbuzi wa jikoni, bila kitenzi. Wanaume walicheka. Mzee mmoja alisema kwamba si mahali pake, mwingine akamjibu kwamba marehemu ndiye mwenye mahali. Wakabishana kwa muda, mmoja akasimulia kisa cha kanga, mwingine akasema kisa hicho hakikuwa hivyo, na soga ikakaa barazani mpaka pilau ikapoa. Kishairi, ubeti wa saba una kina cha kulazimisha, nami nimeuacha hivyo hivyo. Msiniandikie kuhusu huo.

Kuna jambo ambalo halimo katika beti tisa, kwa kuwa nililiona baadaye. Mafundi huweka daftari la vipimo, na la kwake lilikuwa nene, lenye jalada la kitambaa cha sare. Kila mteja ana ukurasa, na kando ya kila kipimo ameandika neno lake: huyu kifua kama mlango wa msikiti, huyu mkono mmoja mrefu kwa ajili ya kupokea, huyu kiuno kimehama bila kuaga. Niliusoma ukurasa wangu, nao sitauandika hapa. Ukurasa wa binti yetu mkubwa ulikuwa wa kwanza kabisa. Una vipimo vya kila Idi, tangu akiwa na miaka minne hadi mwaka alioolewa: bega, kifua, kiuno, urefu, na tarehe. Namba tupu, zimeandikwa kwa hati nadhifu ambayo sikuiona mahali pengine. Hakuna mzaha hata mmoja. Nilimpelekea binti yangu, akaufunua, akaupitisha kidole kutoka mstari wa juu hadi wa chini, kisha akarudia. Aliniomba abaki na daftari. Kaka zake walitaka liwe la wote, na wamekubaliana kwamba litakaa kwake na wao watapewa nakala.

Eda ilipokwisha nilifungua baraza. Zilikuwepo nguo sita ambazo hakuzimaliza, na wenyewe wamekuja mmoja mmoja kuzichukua; wawili walitaka kulipa, wanne walitaka kusimulia. Imebaki kanzu moja nyeupe, kifua inchi 44, ya bwana mmoja wa Jimbo ambaye kando ya jina lake imeandikwa "ana haraka". Kama unasoma haya, bwana, njoo uichukue. Pindo nimelimaliza mimi, kwa mkono, nalo limekwenda upande kidogo.